Salongo ya Damu

Kosa lilianza na beseni la maji ya moto. Eliane alikuwa ametia miguu ndani yake, pamoja na kiganja cha chumvi, jioni ya siku ya tisa ya kupanda na kushuka vilima vya Butembo, simu ilipolia. Aliyepiga alikuwa Zorobabel, mkuu wa avenyu Mukuyu katika komini ya Vulamba. Eliane mwenyewe aliishi katika avenyu hiyo, na kesho yake ilikuwa zamu ya majirani zake kutolewa damu.

"Mama Victoire, nasikia unapumua kama piki inapanda mulima," Zorobabel alisema, akimwita kwa jina la binti yake wa kwanza kama walivyofanya wote pale. "Kesho usizunguke. Hii mvua na hii matope vitakumaliza. Batu njo batakuya kwangu. Utaikala ku kiti, utatoa damu, utamaliza, utaenda kulala."

"Na vikaratasi, Papa Zoro?"

"Batachomoa bo benyewe ku nyumba. Kila nyumba itatuma mutu moja. Hiyo, batu beko na mazoea nayo."

Eliane aliangalia vidole vyake vya miguu, vimevimba na kukunjamana kama maharage yaliyolowekwa. Akasema haya.

Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo aliitumia kutafuta mishipa ya watu. Alitoa damu wakati wa kipindupindu. Alitoa damu wakati wa Ebola, siku ambazo vijana walimrushia mawe kwa sababu tu alishuka kutoka gari la watu wa Riposte, kama walivyoitwa wote waliokuja kupambana na ugonjwa ule. Na sasa, mwanzoni mwa mwaka 2021, alikuwa akitoa damu kwa ajili ya korona, ugonjwa ambao nusu ya mji iliapa kwamba haujawahi kufika Butembo.

Kipimo chenyewe hakikutafuta wagonjwa. Kilitafuta alama zinazobaki ndani ya damu mwili ukishapigana na ugonjwa, hata kama mtu alikohoa siku mbili akasahau, hata kama hakukohoa kabisa. Ukihesabu wenye alama, unajua ni wangapi waliopitiwa bila yeyote kuwaandika. Lakini hesabu hiyo huharibika mara tu watu wanapoanza kuchaguana. Kwa hiyo nyumba zilipigiwa kura na kompyuta ya ofisi ya mji wa Beni, na katika kila nyumba mpimaji alitakiwa kuandika majina ya wote wanaolala humo, kila jina kwenye kikaratasi chake, avikunje, avitie ndani ya sahani, kisha mtu achomoe kimoja. Jina lililotoka ndilo lililotoa damu, awe bibi wa miaka tisini au mtoto wa shule. Haya yote yalipaswa kufanyika mlangoni, mbele ya macho ya mpimaji.

Asubuhi ile Eliane alikuta kiti cha plastiki cha buluu barazani kwa Zorobabel, na watu ishirini na wanne wamepanga mstari, barakoa usoni, mikono ya mashati imekunjwa tayari. Alimaliza kabla ya saa nne. Hakukosa mshipa hata mmoja. Mishipa yote ilikuwa imesimama, minene, ya kumrahisishia mtu kazi. Alimshukuru Mungu kwa mishipa ile akaenda kulala.

Damu ya avenyu Mukuyu haikuwa kwake damu ya avenyu nyingine. Mumewe Salomon, fundi seremala, alikufa humo mwezi wa saba wa mwaka uliotangulia. Mdogo wake Salomon, Apollinaire, alikuwa amembatizisha mtoto wake wa mwisho, na baada ya misa aliwaalika watu kunywa kasiksi, pombe ya ndizi. Kwao anayekupa kikombe hukionja kwanza mbele yako, ili ujue hakuna kitu ndani. Siku ile Apollinaire, katika msongamano wa wageni, alimpa kaka yake kikombe bila kuonja. Siku ya nne Salomon alianza kukohoa. Siku ya kumi na mbili alikufa ameketi, kwa sababu akilala alikosa pumzi.

Watu wa afya walikuja wakiwa wamevaa nguo zao za plastiki, wakapitisha kijiti mdomoni mwa maiti. Ebola ilikuwa imetangazwa kwisha wiki chache tu zilizopita na kila mtu alikuwa akiiogopa bado. Walirudi na jibu kwamba si Ebola, wakaondoka. Hawakupima kitu kingine. Katika karatasi za mwezi ule avenyu Mukuyu iliandikiwa korona sifuri.

Sifuri ya namna hiyo ni dhambi. Mtu asiyepimwa huandikwa kama mzima, na mtu aliyekufa bila kupimwa huandikwa kama hakufa kwa lolote. Wanaobaki na maiti isiyo na sababu huitafutia sababu wenyewe, na iliyo karibu kuliko zote ni ndugu. Kabla ya matanga kwisha, kila mtu Vulamba alijua kwamba Apollinaire hakuonja kikombe. Madirisha yake yalivunjwa kwa mawe. Alihamia Beni, komini ya Mulekera, na mkewe na watoto watano, na tangu hapo mama yake na Salomon, Florentine, hakutamka jina lake.

Eliane alilitamka kila mara. Yeye ndiye aliyeketi karibu na Salomon usiku na mchana, na masikio yake yalijua pumzi ile haikuwa ya sumu. Majirani walisema mjane anamtetea shemeji kwa sababu zake. Alivumilia. Mwishowe, siku kazi ya kupima ilipotangazwa kanisani, Florentine alimwita nyumbani kwake, nyumba sita chini ya yake katika avenyu ileile.

"Mama Victoire," bikizee alisema, "kama hii damu yenu itasema ile ugonjwa ilipita hapa kwetu, nitamwita Apollinaire. Kama haisemi, usinisumbue tena na jina yake mupaka nikufe."

Hivyo ndivyo namba ya avenyu moja ilivyokuja kubeba mtoto wa mtu.

Namba ilifika wiki tatu baadaye kwa simu. Daktari Julie, msimamizi wa uchunguzi kule Beni, alisema: watu kumi na saba kati ya ishirini na wanne walikuwa na alama. Hakuna avenyu nyingine iliyokaribia hapo. Afike Beni Alhamisi atie sahihi.

Eliane alishuka mbio kwa mama mkwe wake, akasahau kuvaa kitambaa kichwani. Florentine alisikiliza namba, akaomba irudiwe kwa Kifaransa, *dix-sept*, kana kwamba kwa Kifaransa ilikuwa nzito zaidi. Kisha akaomba simu. Alizungumza na mwanawe kwa Kinande, maneno machache, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi. Jumapili aje.

Alhamisi Eliane alipanda pikipiki ya Muyisa kwenda Beni. Muyisa alikuwa mwanamume wa miaka ishirini na sita, mpangaji katika chumba cha nyuma cha Florentine. Walipofika Kabasha mvua ikawashika, wakajibanza chini ya paa la duka lililofungwa.

"Mama Victoire, ile sindano yako ilinivimbisha mukono siku mbili," Muyisa alisema, akikamua maji kwenye kofia yake. "Na haikukuwa hata yangu!"

"Haikukuwa yako namna gani?"

"Ilikuwa ya mukaka, ule mukongwe mwenye nyumba. Kikaratasi ilitoka na jina yake. Akaniambia, 'Mi niko na damu gani ya kutoa? Muyisa, enda pa fasi yangu, sawa vile unaendaka ku salongo.' Mi napangaka kwake. Ningekataa, nilale wapi?"

Eliane alimgeukia. "Ni wewe peke yako ulifanya vile?"

Muyisa alicheka. "Peke yangu? Bote, Mama! Kwa Papa Jéthro kikaratasi ilitoka na ule mutoto wake mwenye haonake muzuri, akakuya kaka yake, mwenye anaendeshaka piki pamoja na mimi. Kwa mukaka Débora alikuya ule mujukuu wake wa Kasindi. Papa Zoro alisema kila nyumba itume mutu. Sasa, utatuma mukongwe?"

Hakuwa anakiri kosa. Kila Jumamosi, avenyu inapoitwa salongo kuzibua mitaro na kujaza mashimo ya barabara, kila nyumba hutoa mtu mmoja, na mwenye nguvu huenda kwa niaba ya asiye na nguvu. Hakuna anayeuita uongo. Nyumba inayomtuma bibi kizee kushika chepe husemwa mwaka mzima. Watu wa avenyu Mukuyu walichomoa vikaratasi vyao kwa uaminifu, wakasoma jina, kisha wakafanya kile ambacho watu wenye adabu hufanya: walimficha aliye dhaifu, wakamtuma mwenye mgongo.

Mvua ilikatika. Wakapanda tena pikipiki.

Ofisini Beni aliomba daftari. Lilikuwa limeandikwa kwa mkono wake mwenyewe, na safu ya umri ilikuwa pale pale, wino wa buluu: 22, 19, 27, 24, 31, 20, 26. Waendesha pikipiki. Wanawake wanaobeba bidhaa kutoka mpaka wa Kasindi. Watu wanaolala leo huku kesho kule, waliopumuliwa na nusu ya nchi. Bila shaka walikuwa na alama. Aliandika umri ule mmoja mmoja bila kuusoma.

Daktari Julie, mwanamke wa miaka thelathini na kitu mzaliwa wa Lubero, alikuwa amekwisha kumwandalia kalamu.

"Docteur, usinipatie hiyo bic," Eliane alisema. "Hii hesabu haiko ya avenyu. Iko ya ba-jeunes tu, vijana ba avenyu."

Akaeleza yote: beseni, kiti, salongo. Julie alimsikiliza huku akiizungusha kalamu mezani. Alipomaliza, daktari aliuliza, "Mais Mama Eliane, siku ile hukushituka?"

"Nilipaswa kushituka. Ku batu makumi mbili na ine sikukosa mushipa hata moja. Wewe uliisha kuona wapi avenyu yenye haina mukongwe?"

Julie alicheka bila kutaka. Vitabu vilikuwa vinafungwa baada ya siku kumi. Alisema jambo rahisi lingekuwa kuifuta avenyu Mukuyu.

"Hapana, usifute," Eliane alisema haraka. "Ukifuta, tunarudia sifuri. Nitaenda mulango kwa mulango. Balichomoa, kila nyumba inajua jina yenye ilitoka. Nitabatafuta bale benyewe."

"Hesabu itashuka. Itashuka sana. Pengine itakuwa tatu. Pengine moja."

"Najua, Docteur."

"Na miguu yako?"

"Miguu njo ilileta hii mambo. Itembee."

Kutoka ofisini alikwenda Mulekera. Apollinaire alikuwa juu ya paa la mtu, akigongomea mabati. Alishuka akitabasamu, mkono mmoja ukiwa bado na nyundo. Alimwambia kwamba mkewe amekwisha kupiga pasi shati la Jumapili. "Mama aliniita yeye mwenyewe, Mama Victoire. Miezi munane sikusikia sauti yake. Nilizani ni mutu ananichezea."

Eliane alimweleza amesimama, kwa sababu alijua akiketi hataweza kunyanyuka. Tabasamu la Apollinaire liliondoka polepole.

"Donc namba ilinisafisha, na namba inanichafua tena."

"Haijakuchafua. Haijafika bado."

"Ungeacha!" alipaza sauti hata mwenye nyumba akachungulia. "Ungeacha mama akufe na ile dix-sept yake! Nani alikuomba kuuliza uliza? Mi nilikukosea nini?"

"Muyisa anabeba batu tangu asubuhi mupaka jioni, na anasemaka na bote. Kisha mwezi moja mama atasikia hata nyumba zingine zilituma ba-jeunes. Ile siku, shemeji, utakuwa muuaji mara mbili, na mimi nitakuwa mwenye alikusaidia."

Apollinaire aliketi juu ya rundo la mabati. Aliitoa misumari mfukoni, mmoja mmoja.

"Nilikuwa na jagi mbili ku mikono," alisema. "Batu balikuwa banaita kila upande. Salomon akanyoosha mukono, nikamupa. Ni ile tu. Kila siku naikunywa ile kikombe ndani ya kichwa. Kila siku naonja kwanza."

Eliane alimwambia shati aliache lilivyo, lisikunjwe.

Jioni ile alikwenda kwa Florentine kabla hata ya kufika kwake. Bikizee alikuwa akichambua maharage. Aliposikia alisukuma ungo pembeni.

"Unanipatia hesabu, kisha unainyanganya? Mi niko mutoto mudogo?"

"Mama, kikaratasi ilitoka na jina ya nani hapa ndani?"

Florentine aliuvuta tena ungo.

"Na nani alikuya kunyoosha mukono?"

Florentine aliangalia mlango wa nyuma, kule pikipiki ya Muyisa ilikokuwa imeegemezwa. "Sikuweza kukaa ku mustari ya ba-jeunes, banione na hii mifupa," alisema hatimaye. "Ningekupatia haya. Wewe ni muke ya mutoto wangu."

"Haya gani, Mama? Nipe mukono."

Alimchoma mara tatu. Mshipa wa kwanza ulikimbia, wa pili ulipasuka ukaacha doa jeusi chini ya ngozi iliyokuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Wa tatu ulitoa damu tone kwa tone, kana kwamba ulikuwa unafikiria. Florentine hakulalamika. Alikuwa akiangalia picha ya Salomon ukutani. Kwa Apollinaire ujumbe ulikuwa mmoja: asije kwanza.

Siku sita Eliane alizunguka. Avenyu ambayo ilimchukua saa mbili kitini ilimchukua siku sita kwa miguu, maana wakongwe hawakai tayari mstarini. Mmoja alikuwa shambani. Mmoja alikataa mpaka padri apigiwe simu. Papa Jéthro alimkalisha mwanawe asiyeona vizuri mapajani, akamwimbia sikioni mpaka chupa ilipojaa. Zorobabel alimfuata kila mahali na mwavuli, akiomba radhi kwa kila mwenye nyumba na kumlaumu kila mmoja kwa pumzi ileile. "Nilisema mutume mutu, sikusema mutume mutu yoyote!"

Kwa Débora, bibi wa miaka themanini na mitatu, waliketi chini ya ukuta wa jikoni. Miaka miwili goti lilikuwa limemfunga. Hakwenda sokoni wala shambani. Kanisani alibebwa siku za sikukuu, akawekwa benchi la mwisho karibu na mlango.

"Na hii damu yangu, mutaenda kuiuzisha wapi?" aliuliza. Wakati wa Ebola mji mzima uliamini kwamba watu wa Riposte wanauza damu.

"Mukaka, nani atanunua hii? Hata mbu anapita."

Débora alicheka hata mkono ukatikisika, na Eliane akakosa mshipa kwa mara ya pili. Alipoinuka magoti yake mwenyewe yalilia, na bibi akamwonea huruma. "Ikala kwanza, mutoto wangu. Unafanana na mimi."

"Kiti njo kiliniponza, Mukaka. Wasingya. Asante."

Matokeo yalikuja na vijibarua vilivyofungwa, kimoja kwa kila mtu, cha siri yake. Karatasi ya avenyu nzima Eliane aliifungua peke yake, nyuma ya kanisa, akiwa amekaa juu ya jiwe. Tisa kati ya ishirini na wanne.

Aliisoma tena. Kumi na saba ilikuwa imeshuka ikawa tisa. Alifikiria jinsi atakavyoitamka mbele ya mama mkwe wake, tisa, namba inayoweza kuitwa nusu na inayoweza kuitwa bure. Hakuwa na nguvu ya kulia. Alikaa pale mpaka baridi ya jiwe ikamwingia.

Siri, hata hivyo, haikudumu. Wakongwe wa avenyu Mukuyu walikuwa hawajapewa cheti chochote tangu ubatizo, na sasa kila mmoja alikuwa na karatasi yenye muhuri. Baada ya misa ya Jumapili ya sikukuu Débora aliipunga yake kutoka benchi la mwisho.

"Mi niko nayo!" alisema. "Korona ilinikuta. Ilinikuta, ikanishindwa, ikaenda!"

"Hata mimi niko nayo," mwenzake wa kushoto alijibu. "Na mi sikukohoa hata mara moja."

"Wewe unakohoaka tangu enzi ya Babelgiji!"

Watu walicheka. Florentine hakucheka. Alirudi nyumbani polepole akishika mkono wa Eliane, na walipofika kwake aliketi bila kuvua kitambaa.

"Niambie hesabu."

"Tisa, Mama. Tisa ku makumi mbili na ine. Batano bamepita miaka makumi sita na tano."

Eliane alingojea lawama. Bikizee alikuwa akihesabu kitu vidoleni.

"Ba-jeunes ba piki, hao banaweza kuitoa popote," Florentine alisema. "Hata Kasindi, hata Goma. Ile dix-sept yako, niliikubali, mais ndani ya roho nilisema: hao ni ba-jeunes, beko na mambo yao. Sasa Débora, yeye aliitoa wapi? Débora haendake fasi yoyote."

"Haendake, Mama."

"Ile ugonjwa ilimufwata kwake. Ku mulango yake." Kisha akatoa kijibarua chake kutoka kwenye kanga, bado kimefungwa, kimelainika kwa jasho. "Soma."

Eliane alikifungua. Macho yake yalikuwa yamechoka hata herufi zilielea. "Alama iko, Mama."

Florentine aliangalia mikono yake, mikono iliyomshika Salomon siku zote zile, iliyompangusa jasho, iliyomnywesha uji. Wiki baada ya mazishi alikuwa ameugua homa, na wote waliiita homa ya kilio.

"Mi sikukuwa ku ile sikukuu ya ubatizo," alisema. "Goti iliniuma, nilibakia hapa. Sikukunywa ku kikombe ya Apollinaire, na bado ile ugonjwa ya Salomon ilinishika."

"Ndiyo, Mama."

"Leta simu."

Apollinaire alifika Jumapili iliyofuata na shati lake la pasi, akiwa amebeba jagi la kasiksi ambalo mkewe alimlazimisha kubeba, kwa kuwa kuja mikono mitupu baada ya miezi tisa ingekuwa vibaya, na kuja na kinywaji ingekuwa vibaya zaidi. Aliliweka mezani akabaki amesimama karibu nalo kama mtu aliyeleta ushahidi. Hakuna aliyeomba msamaha. Florentine aliuliza kuhusu watoto, mmoja mmoja kwa jina. Akauliza kama paa la Beni linavuja. Akasema lake linavuja, upande wa jikoni.

"Nitapanda kuangalia kesho asubuhi," Apollinaire alisema.

"Mimina kwanza."

Alimimina. Kikombe kilijaa mpaka ukingoni, na akakiinua kwa mikono miwili kukipeleka mdomoni mwake, apige funda la kwanza mbele ya mama yake kama inavyotakiwa. Florentine alinyoosha mkono, ule wenye doa jeusi la sindano ambalo lilikuwa linaanza kuwa la manjano, akamshika kifundo cha mkono.

"Leta hivyo hivyo," alisema. "Niko na kiu."

Akanywa. Apollinaire alibaki na mikono yake hewani, mitupu, hajui pa kuiweka. Alimtafuta Eliane kwa macho, lakini Eliane, pembeni pa mlango, kichwa kimeegemea ukuta na viatu vimevuliwa, alikuwa amekwisha kulala.